Ukuta mweupe, uso mweusi: pesa iende kwenye taa ipi?

Anayetaka kurekodi masomo, matangazo ya duka la mtandaoni au mahojiano, mtu akiwa mbele ya weupe mtupu usio na kona wala kivuli, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kamera. Kamera ingekuwa ya mwisho kuulizwa. Simu nzuri iliyomo mfukoni inaimudu kazi hii, mradi mwangaza wake umefungwa usihamehame. Kinachokula pesa ni taa, na pesa nyingi hupotea kwenye taa zilizonunuliwa kwa kufuata orodha aliyoandikiwa mtu mwingine.

Orodha yenyewe inajulikana. Miongozo ya Ulaya na Marekani inasema taa mbili za nguvu zimulike ukuta, moja kila upande. Taa kubwa impige mtu usoni. Nyingine ijaze kivuli. Na ya tano ichore nywele na mabega kutoka nyuma. Kisha inatoa kanuni: ukuta upate mwanga wa stopu moja zaidi ya uso, yaani mara mbili yake. Ukichukua taa zinazoheshimika sokoni, tuseme Amaran 200d mbili kwa ajili ya ukuta, ambazo zilitoka zikiuzwa dola 349 kila moja, na Amaran 100d tatu za dola 199, tayari umefika dola 1,295. Kwa dola ya shilingi 2,500 za Tanzania hiyo ni zaidi ya milioni tatu na laki mbili, na hapo hujagusa stendi, softiboksi za kulainisha mwanga, usafiri wala VAT ya asilimia 18.

Kanuni hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba imepimwa kwa ngozi nyeupe.

Tuifanye hesabu taratibu, kwa sababu ndiyo inayookoa pesa. Kadi ya kijivu ambayo wapiga picha huitumia kama kipimo cha katikati huakisi asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Karatasi nyeupe huakisi karibu asilimia 90, mara tano zaidi. Kila stopu ni kuzidisha mwanga kwa mbili, kwa hiyo karatasi iko juu ya kadi kwa stopu mbili na robo hivi. Ngozi nyeupe iko juu ya kadi, kama stopu moja. Basi kati ya uso wa Mzungu na karatasi iliyo nyuma yake, vikipigwa na mwanga uleule, pana stopu moja na kidogo tu. Pengo hilo ni dogo, ndiyo maana anahitaji kuumwagia ukuta mwanga wa ziada hadi ufike mahali ambapo kamera inaona weupe mtupu. Ngozi nyeusi iko chini ya kadi. Kati yake na karatasi ileile pana stopu tatu au zaidi bila kuongeza taa hata moja. Ukiifungua kamera mpaka uso uonekane vizuri, na ngozi nyeusi hukulazimisha kuifungua, ukuta ulio nyuma unapanda nao na kufika kwenye weupe karibu wenyewe.

Kwa maneno mengine, mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe ni kazi rahisi kuliko miongozo inavyotisha, na anayenunua taa mbili kubwa za nyuma analipia nguvu ambayo itamdhuru. Mwanga ukizidi nyuma hurudi mbele. Unazunguka mashavu na masikio, unakula kingo za nywele, unaingia kwenye lenzi na kutandaza ukungu juu ya picha nzima. Ukungu huo unaonekana zaidi kwenye rangi nyeusi kuliko nyeupe: weusi wenye kina unageuka kijivu kilichopauka, na hakuna programu ya kuhariri itakayourudisha sawasawa.

Mbona basi video nyingi za namna hii hutoka na uso uliozama gizani? Kosa ni la kamera inayojiendesha yenyewe. Ikiona weupe umejaa kwenye fremu, inadhani mwanga umezidi, inajifunga. Ukuta unashuka kuwa wa kijivu na uso unashuka nao chini kabisa. Vifaa vya picha vina historia ndefu ya kutomfikiria mtu mweusi. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, zikijulikana kama kadi za Shirley. Google ilipoitoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 ilitangaza kwa fahari kazi iliyofanywa ili ngozi nyeusi ionekane ilivyo. Ni hatua njema, lakini hata simu hiyo ukiiachia ijiamulie mbele ya ukuta mweupe, itayumba kila mtu anaposogea.

Dawa yake ni ya bure. Kwenye iPhone, bonyeza uso kwenye kioo na ushikilie mpaka maandishi ya kufunga yatokee, kisha pandisha mwangaza kwa kidole. Njia iliyo bora zaidi ni programu ya Blackmagic Camera, isiyolipiwa, iliyotoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa baadhi ya simu za Android mwaka 2024. Humo unafunga kila kitu kwa mkono, na unapata milia ya pundamilia inayochora mahali palipojaa mwanga. Unataka milia ifunike ukuta na isiguse uso. Mafunzo mengi yanasema uso uwekwe kwenye asilimia 70 ya kipimo cha milia hiyo. Tena ni kipimo cha ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi ukiipandisha mpaka 70 inapauka na mtu hajitambui. Kati ya 45 na 55 ndipo ninapoiweka mara nyingi, na mtu mweusi sana namwacha chini ya hapo.

Hapo ndipo ununuzi unapoanza, na swali la kwanza ni kama mtu ataonekana miguu. Picha ya kiunoni kwenda juu inataka upana wa mita mbili wa weupe na haina habari na sakafu. Picha ya mwili mzima inataka sakafu nyeupe iungane na ukuta kwa mkunjo laini, imulikwe nayo, na isichafuliwe na viatu. Gharama haipandi kidogo, ni karibu mara tatu. Matangazo ya Apple ya mwaka 2006 hadi 2009, yale ya watu wawili waliosimama kwenye weupe mtupu wakijifanya kompyuta, yamewafanya wengi waamini kwamba lazima viatu vionekane. Mwalimu wa hisabati hana haja ya viatu.

Kwa picha ya kiunoni, ukuta wa chumba uliopakwa rangi nyeupe ya maji isiyong'aa unatosha, na ndio wa bei nafuu kuliko vyote. Rangi ya silki iepukwe, inarudisha taa kama kioo.

Bafta ni ya pili kwa unafuu. Ni nyepesi, inaingia kwenye begi, na ukihama nyumba unahama nayo. Lakini kitambaa hakifikii upana unaotakiwa bila kuunganishwa, na mshono utaonekana kama mstari wa kijivu kuanzia juu hadi chini. Makunyanzi nayo hayasameheki. Pasi iwepo, vibanio viwepo, na kitambaa kivutwe mpaka kikazike kama ngozi ya ngoma. Anayerekodi mara moja kwa mwezi ataivumilia kazi hiyo. Anayerekodi kila siku atachoka kabla ya wiki kuisha.

Chaguo ambalo napenda watu walijue zaidi liko kwenye maduka ya kuchapisha mabango. Fleksi, ile plastiki nzito ya mabango ya barabarani, huja kwa roli zenye upana unaofika mita 3.2, nyeupe kabisa kabla ya kuchapishwa. Mwenye duka amezoea kuuza iliyochapishwa, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba unataka tupu, kwa mita, na mpatane bei ya mali bila wino. Upana huo unauzidi ule wa roli ya kawaida ya karatasi za studio. Haina mshono. Ikikanyagwa inafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kazi inaendelea. Kasoro zake ni mbili. Nyingine zinang'aa, na zinazong'aa zitaonyesha taa yako kama doa la jua; iinamishe dukani chini ya taa ya dari na uchague isiyorudisha taswira. Pili, ikikunjwa kama shuka inashika alama za mikunjo zisizotoka kirahisi, kwa hiyo ibebwe imeviringishwa kwenye bomba la plastiki la maji, na nyumbani ikae hivyohivyo. Kwa mtu anayetaka mwili mzima na hana milioni, sijaona inayoishinda.

Karatasi ya studio ndiyo inayoonekana nzuri kuliko zote kwenye kamera. Roli ya kawaida ina upana wa mita 2.72 na urefu wa mita 11, na Marekani imekuwa ikiuzwa kwa dola 60 hadi 90 hivi. Bei hiyo isikudanganye. Bomba la karibu mita tatu haliingii kwenye kifurushi cha kawaida cha ndege, na usafiri unaweza kuipita karatasi yenyewe. Piga na hesabu ya matumizi: kumsimamisha mtu unatandika kama mita sita, ukuta na sakafu pamoja. Kila sakafu ikichafuka unakata mita na kuvuta nyingine. Baada ya kukata mara tano roli imekwisha. Ipo ya upana wa mita 1.35, na hiyo inamfaa mtu aliyekaa bila kurusha mikono.

Halafu kuna wasiotaka ukuta kabisa, wanaofuta mandhari kwa programu ya simu na kubandika nyeupe. Haigharimu kitu, na kwa mtu aliyenyoa kipara au aliyefunga kilemba inapita. Kwa nywele za afro, misuko au rasta, programu inakata ovyo: kingo zinachezacheza, nyuzi zinatokea na kutoweka kila mtu anapogeuka. Kumwonyesha mwanamke aliyekaa saluni nusu siku akiwa na kichwa kilichokatwa kama kwa mkasi si haki. Mmulike vizuri.

Kwa ukuta sasa, nunua taa za bei rahisi. Taa ya bei nafuu hukosea rangi, lakini ukuta ukishajaa mwanga mpaka kamera ione weupe mtupu, rangi ya taa haibaki. Samawati yake yote imemezwa. Mabomba manne ya LED ya futi nne, ya wati 18, ambayo kila duka la vifaa vya umeme linayo, yanamulika ukuta wa picha ya kiunoni bila shida. Fundi ayafunge mawili mawili kwenye mbao mbili, zisimamishwe wima, moja kila upande, nje ya fremu, zikielekea katikati ya ukuta na zikiwa na kizuizi upande wa kamera ili zisimmulike mtu kwa nyuma. Urefu wa bomba unasambaza mwanga sawasawa kuanzia juu hadi chini, jambo ambalo taa ya duara hailiwezi bila kuwekwa mbali. Mabomba, waya, mbao na ufundi havikaribii hata bei ya Amaran 100d moja. Kwa mwili mzima ongeza mabomba mara mbili.

Pesa uliyookoa nyuma, iweke yote mbele. Taa ya uso ndiyo inayostahili umakini wako wote wa kuchagua. Angalia namba ya CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kama jua linavyozionyesha. Mwisho wake ni 100, na ya uso isipungue 95. Uliza pia namba ya R9, inayopima wekundu peke yake. Ngozi nyeusi ina wekundu na dhahabu nyingi chini yake, na taa yenye R9 ndogo inaufuta wekundu huo na kumfanya mtu aonekane kama amepakwa majivu. Hili ni kosa ninaloliona kila siku kwenye video za watu walionunua pete ya mwanga ya bei ya chini kabisa, wakadhani tatizo ni ngozi yao.

Kati ya zinazopatikana, Godox SL60W kwa miaka imekuwa ikiuzwa nje kwa dola 120 hadi 150, CRI yake ni 95 na zaidi, na inapokea softiboksi za mdomo wa Bowens ambazo ziko kila mahali. Feni yake inasikika chumba kikiwa kimya, basi iwe mbali na kipaza sauti. Amaran 100d ni tulivu na ina nguvu zaidi, kwa dola 70 hivi za ziada. Kama bajeti inafika moja tu, chukua Godox na kinachobaki kinunulie softiboksi kubwa, ya sentimita 90 au 120. Ukubwa wa softiboksi unamfaa mtu mweusi kuliko wati. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao: taa pana ikiwekwa pembeni kidogo inaacha mng'ao mpana na laini kwenye paji, shavu na taya, na hapo sura inapata umbo. Taa ndogo yenye nguvu inaacha madoa madogo makali yanayofanana na jasho. Ava Berkofsky, mpiga picha wa tamthilia ya Insecure, ameeleza mara kadhaa jinsi anavyotegemea mwanga ulioakisiwa na ngozi iliyopakwa mafuta kidogo. Poda nzito inaua kitu hichohicho unachokilipia.

Taa ya kujaza kivuli usinunue. Bao jeupe la thermokoli, ile styrofoam ya kufungashia vifaa, likiwekwa upande wa pili linafanya kazi hiyo.

Nafasi nayo ni gharama, ingawa haina risiti. Mtu akae mita mbili mbele ya ukuta, mbili na nusu ikiwezekana. Akigusana na ukuta, kivuli chake kinaanguka juu yake na mwanga wa ukuta unamzunguka. Weupe ulio nje ya fremu ufunike kwa kaniki, kushoto na kulia, maana hauonekani kwenye video na kazi yake pekee ni kuleta ukungu kwenye lenzi. Kaniki hiyohiyo ina faida nyingine kubwa kwa watu wetu. Shehe au bwana harusi akija na kanzu nyeupe na kofia nyeupe, uso utaonekana lakini mwili utayeyuka ndani ya ukuta. Sogeza pazia la kaniki karibu naye pande zote mbili, nje kidogo ya fremu, na punguza bomba moja kila upande. Kanzu itapata mstari mwembamba wa kivuli kwenye mikono na mabega, na kofia itapata ukingo. Hijabu nyeupe vilevile. Hakuna taa ya ziada itakayofanya hivyo, kwa kuwa kinachokosekana pale ni giza.

Asiye na taa hata moja asikate tamaa. Richard Avedon, alipopiga picha za kitabu cha In the American West kati ya mwaka 1979 na 1984, alitundika karatasi nyeupe nje na kuwasimamisha watu kivulini, bila taa. Kwa ngozi nyeusi hesabu ya pale juu inafanya kazi vizuri zaidi kuliko ilivyofanya kwa wengi wa watu wake. Bafta kwenye ukuta wa kivulini, saa tatu asubuhi, mwangaza umefungwa kwenye uso. Utapambana na bodaboda na wingu linalopita, basi iwe ya video fupi.

Umeme usikutishe. Mabomba manne na Godox ni wati 132 hivi. Kwa uniti ya TANESCO ya shilingi 292, inayofika kama 356 ukijumlisha kodi na tozo, saa nzima ya kurekodi haifiki shilingi 50. Umeme wetu unaleta jambo lingine. Ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa duni hupepesa mara 100. Simu nyingi zikitoka dukani hurekodi fremu 30, na hapo ndipo mistari inayotembea kwenye ukuta inapozaliwa. Weka fremu 25 na shata ya 1/50, na sehemu kubwa ya tatizo imekwisha.

Kukodi studio yenye ukuta uliopindwa kuna maana kwa mwili mzima, kwa watu wengi kwa pamoja, au kwa kazi ya mara moja. Hesabu ni nyepesi. Kifurushi nilichokieleza, fleksi, mabomba, Godox, softiboksi na stendi, kinaweza kukamilika kwenye laki nane hivi kwa mtu anayejua kupatana. Gawanya kiasi hicho kwa bei ya kukodi siku moja mjini kwako, upate idadi ya siku. Ukizifikisha ndani ya mwaka, nunua. Usipozifikisha, kodi, ila nenda na bao lako la thermokoli na kaniki yako, na uwaambie wapunguze taa za nyuma kabla hujaanza. Wengi huziwasha zote kwa mazoea.

Na ukiwa dukani kwa ajili ya mabomba, usikubali neno la "Kaka, hizi original kabisa" kabla ya kipimo hiki. Omba yawashwe. Fungua simu kwenye video ya mwendo wa polepole, rekodi sekunde tano, cheza palepale mbele ya muuzaji. Bomba linalopigapiga kwenye kioo liache hapo, hata kwa nusu bei. Lililotulia, chukua manne ya aina hiyohiyo, na la tano la akiba, kwa sababu likiungua moja baada ya miezi hutapata lenye weupe unaofanana nalo.